Jalada la Pili

"Mzee, toa mkono hapo," alisema Khalfani. "Ukibonyeza kitu utatufutia kazi yote."

Mwishehe akautoa mkono, akauweka nyuma mgongoni, kama mtu aliyeingia kwenye duka la vyombo vya udongo. Kompyuta zilikuwa mbili na wanafunzi sita, wote makarani wa masjala ya shirika moja, kwa hiyo kila mashine ilikaliwa na watu watatu. Khalfani, kijana mwenye vidole vyepesi, ndiye aliyekaa kwenye kibodi. Sesilia, mpiga chapa wa zamani, alimsomea kutoka kwenye daftari. Mwishehe alisimama nyuma yao. Ilikuwa wiki ya tano ya masomo ya jioni, na katika wiki tano hizo alikuwa ameigusa kibodi mara tatu, na mara zote tatu aliandika jina lake tu.

Mwalimu wao aliitwa Adelard. Alikuwa amemaliza chuo mwaka juzi. Kila jioni alimwamkia Mwishehe shikamoo kwa unyenyekevu kabisa, na dakika tano baadaye akamsimamisha kumuuliza swali mbele ya watu. Hakuwa na nia mbaya. Aliona huyu ndiye aliyeachwa nyuma, akataka kumvuta.

"Mzee Mwishehe, tuambie. Prosija ni nini?"

Mwishehe alifikiri kidogo. Neno hilo walikuwa wamelisikia juzi: ni kijiprogramu kidogo kinachokaa ndani ya programu kubwa.

"Ni karani," alisema.

Wakacheka. Khalfani aligeuka na kiti chake kizima ili acheke vizuri.

"Endelea, mzee," Adelard akasema. Yeye hakucheka.

"Una karani wako anajua kazi moja. Unamwita kwa jina, anaifanya, anarudi kukaa. Ukimhitaji tena, unamwita tena. Huna haja ya kumweleza upya."

"Umesikia, Khalfani? Hilo ndilo jibu. Wewe unayecheka ungesema nini?"

Mwishehe alikaa na furaha hiyo kama robo saa. Kisha kule nje mwadhini akaadhini magharibi, naye akanyanyua mkono kuomba ruhusa kama alivyofanya kila jioni, akatoka kwenda kutia udhu kwenye bomba la uani.

Aliporudi ubao ulikuwa umeshafutwa.

"Nimekosa nini, dada Sesilia?"

"Siyo mengi, kaka. Ni habari ya visanduku." Visanduku ndivyo walivyoziita zile sehemu zenye majina ambamo kompyuta inaweka namba. Sesilia alifunua daftari lake, lakini lilijaa hatimkato, mikunjo na vistari ambavyo Mwishehe hakuweza kuvisoma. Ikabidi Sesilia mwenyewe amsomee, haraka haraka, huku akikusanya mkoba wake. "Amesema prosija iandikishe visanduku vyake yenyewe, humo humo ndani. Basi. Mengine alikuwa anachora tu michoro. Nakimbia, kaka, watoto wako peke yao."

Mwishehe akaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wa masjala, mzuri, ulioinama kidogo kulia: *Kila prosija iandikishe visanduku vyake, ndani.* Akaridhika nalo. Lilikuwa jambo alilolijua tangu ujana wake. Jalada likitoka masjala kwenda kwa mhasibu, mhasibu analiandikisha kwenye kitabu chake. Likitoka hapo kwenda kwa mkurugenzi, katibu wa mkurugenzi naye analiandikisha kwenye chake. Jalada ni lile lile, na atakachoandika mkurugenzi ndani yake kitarudi nalo masjala. Jalada lisiloandikishwa kila chumba linapotea. Kumbe kompyuta nayo, alijiambia, ina adabu.

*

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi tangu mwezi wa nne. Masjala itapewa kompyuta iliyotolewa na wafadhili, na katika makarani sita watabaki wawili. Wanne watapewa barua za kuachishwa kazi. Nyumba anayokaa Mwishehe kule Temeke ilikuwa ya shirika, na barua ikishatoka nyumba inarudishwa ndani ya siku thelathini. Alikaa humo na mkewe Nusaiba na binti yao Munira, aliyekuwa kidato cha pili kwenye shule iliyo umbali wa kwenda kwa miguu.

Mtihani wa kuwachagua hao wawili nao haukuwa siri. Mtaalamu aliyeletwa na wafadhili aliwapa swali wiki nzima kabla. Mtumishi ana siku ishirini na nane za likizo. Amechukua kumi na nne. Tunga programu yenye prosija iitwayo Punguza, ifanye hesabu hiyo, na mwisho programu yenyewe ionyeshe kwenye kioo cha kompyuta siku zilizobaki. Kila mtu atapewa nusu saa na mashine, peke yake.

"Swali lenyewe ndiyo hilo?" Nusaiba aliuliza. "Mbona hata mie najua, ni kumi na nne."

"Hesabu si tatizo, mama Munira. Tatizo ni kumwambia asiyejua kitu chochote, hatua kwa hatua, na usiruke hata moja."

"Basi mlete kwangu. Nimekaa na ndugu zako miaka mingapi?"

Munira alicheka mpaka akaegemea mlango. Mwishehe naye akacheka, na ikawa ni mara ya kwanza nyumbani mle kucheka tangu tangazo libandikwe.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, aliwafanyisha mazoezi. Aliandika programu yake kwenye karatasi, akaiweka katika Kiswahili ili waielewe. Sebule ikawa programu kubwa na Munira ndiye msomaji wake. Jikoni pakawa ndiyo prosija, na Nusaiba ndiye Punguza. Mwishehe alichukua sahani, akahesabu ndani yake kunde ishirini na nane, akaandika kwa chaki ukingoni: SIKU.

"Haya. Soma, mwanangu."

"Andikisha kisanduku, jina lake siku," Munira akasoma. "Weka ndani yake ishirini na nane. Mwite Punguza."

"Punguza!" Mwishehe akaita.

"Abee!" Nusaiba akaitika kutoka jikoni, kwa sauti ya kijakazi wa kwenye michezo ya redio.

Munira akampelekea sahani pamoja na kipande cha karatasi chenye maagizo ya prosija.  Kisha Nusaiba akatokea mlangoni, sahani mkononi, kijikaratasi kwenye mkono mwingine.

"Baba Munira, hapa sikuelewi. Mstari wa kwanza unasema, andikisha kisanduku, jina lake siku. Sasa niandikishe kipi? Sahani si umeshanipa?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Unaiandikisha tu kwamba imefika."

"Hapana. Mbona Munira aliposoma maneno haya haya kule, ulitoa sahani kabatini? Hukuandikisha kwa mdomo. Ulitoa sahani."

"Ile ilikuwa mara ya kwanza."

"Na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza huku jikoni. Nikifuata ulivyoandika nitatoa sahani yangu, niweke kunde kumi na nne, yaani ishirini na nane kutoa kumi na nne kama mstari wa pili unavyosema, halafu hii yako itarudi huko na ishirini na nane zake kama ilivyokuja."

"Mama anasema kweli," Munira akasema.

"Nyie hamjawahi kufanya kazi ofisini," Mwishehe alisema, bila ukali. "Kila chumba kina kitabu chake. Kitu kikiingia, kinaandikishwa. Jina moja, jalada moja. Sesilia mwenyewe amenisomea, ni maneno ya mwalimu. Wewe toa kunde kumi na nne urudishe sahani."

"Haya, wewe ndiye msomi." Nusaiba akarudi jikoni. Alitoa kunde kumi na nne kwenye sahani ile ile, kama mtu yeyote mwenye akili zake angefanya, akairudisha sebuleni.

Mwishehe akazihesabu mara mbili. Kumi na nne. Alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, machozi yakamlengalenga.

"Alhamdulillahi," alisema. "Imekubali."

Asubuhi ya mtihani alikaa kwenye mswala baada ya alfajiri muda mrefu kuliko kawaida yake. Aliomba kwa Kiswahili, kwa sababu jambo la kompyuta hakuijua dua yake kwa Kiarabu. Alimwambia Mola kwamba hataki cheo, wala hataki mwenzake aondolewe kwa ajili yake. Alitaka tu akili yake isifunge mlango kwa nusu saa ile. Nusaiba, aliyekuwa akiswali nyuma yake, alisikia kila neno, akaitikia amina.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa chumba cha mikutano. Mtaalamu wa wafadhili alikaa kando na karatasi zake. Bwana Benson, afisa utumishi, alisimama nyuma ya kiti cha mtahiniwa mikono mifukoni. Adelard alikaa dirishani, hakuruhusiwa kusema.

Mwishehe alisema bismillahi, akaanza. Alitafuta kila herufi, na akiipata alibonyeza kwa kidole kimoja kwa nguvu, kama anayegonga muhuri. Alikuwa ameihifadhi programu yote kichwani. Mashine ilikataa mara ya kwanza, kwa kuwa alisahau nuktamkato. Akaitafuta, akaiweka. Ikakataa tena, akaona herufi moja imerudiwa, akaifuta. Zikiwa zimebaki dakika nne, ikakubali. Kioo kikawa cheusi, na juu kabisa pembeni pakatokea namba moja.

28.

Mwishehe aliitazama. Akabonyeza tena, ikaja ile ile.

"Ishirini na nane," Bwana Benson akasoma kwa sauti. "Mtu amekwenda likizo wiki mbili, kala, kalala, karudi, na siku zake ziko vilevile. Mzee Mwishehe, kwa programu hii shirika lingefungwa mwezi mmoja tu, watu wote wako likizo." Alimgeukia mtaalamu, akamweleza kwa Kiingereza, na mtaalamu akatabasamu kwa adabu.

"Labda mashine ina hitilafu," Mwishehe alisema. Alijisikia aibu kabla hajamaliza kusema.

"Mashine hii hii ametoka kuitumia Sesilia sasa hivi. Muda umekwisha, mzee. Ahsante."

Adelard alimfuata ukumbini. Wakasimama karibu na ubao wa matangazo, mwalimu akiwa na karatasi iliyopigwa chapa programu ile. Hakujua pa kuanzia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ulishaniamkia asubuhi."

"Samahani." Akaonyesha mstari kwa kalamu. "Ni huu hapa. Ndani ya prosija umeandikisha kisanduku cha siku mara ya pili."

"Ulisema kila prosija iandikishe visanduku vyake."

"Vyake, ndiyo. Vile ambavyo ni vyake peke yake. Hiki kilikuwa kimeshaandikishwa juu, nje, na cha nje prosija inakiona. Ilikuwa iachwe ikitumie tu. Ukikiandikisha tena ndani, kompyuta haijui kwamba unamaanisha kile kile. Inatengeneza kingine kipya, jina moja. Nilichora ubaoni siku ile, nyumba ndani ya nyumba…"  Alikumbuka ilikuwa saa ya magharibi alipochora.

Mwishehe aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo nimefungua jalada la pili."

"Naam?"

"Masjala. Mtu ana jalada lake, wewe unafungua la pili kwa jina lile lile. Barua zinaingia huku, majibu yanaingia kule, mtu anahangaika miaka. Karani akifanya hivyo anapewa onyo la maandishi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawafundisha vijana wasifanye."

"Basi ndivyo hivyo, mzee. Umeelewa kuliko wote."

"Na hilo jalada la ndani, ndani yake mlikuwa na namba gani?"

"Kumi na nne. Hesabu uliifanya sawa."

"Sasa kumi na nne hiyo iko wapi?"

"Haipo. Prosija ikimaliza kazi, visanduku vyake vyote vinafutwa."

"Haiendi hata stoo?"

"Haiendi popote, mzee."

Mwishehe alitikisa kichwa polepole. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona kitu kilichoandikwa sawasawa, na mtu aliyeagizwa kukiandika, kisiwekwe mahali popote.

"Ningeufuta huu mstari mmoja?"

Adelard aliangalia sakafu. "Ingetoa kumi na nne."

*

Jumatatu majina yalibandikwa: Khalfani na Sesilia. Barua zilitolewa Jumatano, na Mwishehe, kwa kuwa barua zote za watumishi zilipitia masjala, ndiye aliyeiandikisha ya kwake kwenye kitabu, akaipa namba, akaweka nakala kwenye jalada lake, kisha akajipelekea mwenyewe.

Nusaiba aliisoma amesimama. Aliirudia sehemu ya nyumba.

"Siku thelathini tangu leo au tangu mwisho wa mwezi?"

"Tangu leo."

"Imekuwaje, baba Munira? Si ilikubali?"

"Ilikuwa ule mstari ulioniuliza. Wewe ulisema kweli."

"Nilisema nini mie?" Alikuwa amesahau kabisa. Mwishehe alipoanza kumkumbusha, alimzuia kwa mkono. "Acha. Hata ningekuwa nimesema, ningekuwa nimebahatisha tu. Kula kwanza."

Munira hakula. Aliuliza kama atahama shule. Akachukua madaftari yake akaenda kukaa chumbani, na baada ya muda wakamsikia anasoma kwa sauti, somo la historia, kwa haraka, kana kwamba anataka kulimaliza kabla ya watu kuja kulichukua.

Wiki mbili Mwishehe alizunguka. Alikwenda Ukonga kwa mtu aliyemwahidi kibarua cha ulinzi, akaambiwa umri umepita. Alikwenda Buguruni kuangalia chumba, akakuta wapangaji wawili wanasubiri mlangoni, kila mmoja ameshika kodi ya mwaka mkononi. Jioni hakwenda darasani. Swala zake hakuacha hata moja, ila Nusaiba aliona kwamba siku hizi akimaliza kutoa salamu anainuka hapo hapo, bila kuomba dua.

*

Sesilia alikuja Jumapili mchana akitokea kanisani, amevaa gauni lake la maua. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kubisha. Munira alimwona kupitia dirishani.

"Hodi."

"Karibu, karibu ndani," Nusaiba akasema. "Ni dada Sesilia wa ofisini? Karibu ukae."

"Shikamoo dada. Shikamoo kaka Mwishehe."

"Marahaba. Hongera kwa kazi."

"Ahsante, kaka." Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Alizungumza habari za jua, kisha za maji kukatika, kisha akaeleza kwamba mafaili ya zamani, yale ya rafu ya nyuma, ameyakuta hana habari nayo, yamepangwaje?

"Kwa mwaka wa kuajiriwa, siyo kwa jina," Mwishehe akamwambia. "Usianze na jina, utapotea." Akamweleza taratibu rafu kwa rafu, yepi yana makosa ya zamani ambayo hayakusahihishwa, yepi yameunganishwa. Sesilia alitoa daftari akaandika hatimkato. Mwishehe alizungumza karibu nusu saa, na sauti yake ikachangamka kidogo.

Alipomaliza, Sesilia hakufunga daftari. Alikuwa anaangalia dari, halafu pembe za ukuta, halafu akashtuka akaangalia chini.

Nusaiba ndiye aliyeelewa kwanza.

"Wamekupa nyumba," alisema.

"Bwana Benson ameniita Ijumaa." Macho ya Sesilia yalijaa machozi papo hapo. "Sikuomba mie, dada. Haki ya Mungu sikuomba. Ameniambia iliyopo ni hii. Na mwenye nyumba wangu anataka chumba chake mwisho wa mwezi, nina watoto watatu, sina mwenzangu. Nimekuja tu kuwaambia kwa mdomo wangu, msije mkasikia kwa watu. Na kama… nilitaka kupima dirisha tu. La pazia. Lakini siyo lazima leo."

 Nje mtoto wa jirani alikuwa anavuta kopo kwa kamba.

"Munira," Nusaiba akasema, "mletee dada futi kamba yangu, ipo kwenye kikapu cha kushonea."

Munira alitoka chumbani, akaileta. Hakumwangalia mgeni. Nusaiba akashika ncha moja juu ya dirisha, Sesilia akashika nyingine chini, wakapima, Sesilia akaandika. Nusaiba alimwonyesha kitasa cha mlango wa uani jinsi kinavyokwama wakati wa mvua, kwamba usikivute, kinyanyue. Akamwonyesha kona ya jikoni panapoingia maji. Walipita chumba cha pili wakarudi. Mwishehe alibaki amekaa pale pale, mikono juu ya magoti.

Sesilia alipofika mlangoni kuaga, aligeuka.

"Kaka Mwishehe. Nyie mtakwenda wapi?"

"Bunju," Mwishehe akajibu.

"Bunju? Mna watu huko?"

"Ndugu yangu. Ana eneo. Siku nyingi ananiita."

Munira akainua uso. Nusaiba alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka kumi na tisa. Aliwajua ndugu zake wote, walio hai na waliokufa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Bunju. Alimtazama mumewe, ambaye hakuwa akimtazama mtu yeyote. Kisha akamgeukia mgeni, akaikunja futi kamba polepole kwenye vidole vyake.

"Ndiyo," akasema. "Bunju. Wanasema kuna hewa nzuri."